Kabla ya kupanda paani kutazama mwezi ukikaribiana na sayari

Hapa Nairobi watu wengi huzikosa sayari zaidi kwa sababu ya ghorofa la jirani kuliko kwa kukosa darubini. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla, panda juu ya jengo lenu jioni utazame jua linazama nyuma ya nini. Mwezi mchanga na Zuhura (Venus) hushuka kwa njia karibu ileile, na jengo lililomeza jua litavimeza navyo. Ufunguo wa mlango wa paani uuombe mapema kwa keateka. Siku yenyewe hutampata.

Saa ndiyo yenye kuponza. Jua letu huzama kwenye saa 12:30 jioni, likizidisha au kupunguza kama robo saa, mwaka mzima. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, hushuka karibu wima na giza huingia upesi. Faida yake ni kwamba hata Utaridi (Mercury), isiyoachana na jua kwa zaidi ya nyuzi 28, huku kwetu hupata kimo kizuri. Ila haikai. Uwe umefika kabla jua halijazama. Aliye ndani ya matatu Waiyaki Way saa moja kasoro, basi tena.

Tenga jioni mbili, si moja. Mwezi husogea nyuzi 12 au 13 kwa siku, hivyo ulio chini ya Zuhura leo, kesho utakuwa umeipita. Pembe zake kwetu hutazama juu, kama mtumbwi. Julai na Agosti mawingu hutanda siku nzima. Mimi hutegemea zaidi Januari na Februari.

Macho matupu yanatosha. Ukiwa na darubini ya mkononi, ya 10x50 kwa mfano (inayokuza mara 10, yenye lenzi za milimita 50), utaona miezi minne ya Mshtarii (Jupiter), lakini pete za Zohali (Saturn) zinataka darubini kubwa. Usiiinue kabla jua halijatoweka kabisa: litakuunguza jicho. Beba sweta pia, hasa kwa watoto, ambao watauliza kama mwezi na sayari vimegusana kweli. Havijagusana. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi, Mshtarii zaidi ya milioni 580.

Na ukiona taa kali upande wa uwanja wa ndege wa Wilson, ngoja dakika moja kabla ya kuwaita majirani. Ikisogea, ni ndege.