Somo: Hofu ya nusu kaputi kabla ya operesheni yako ya kwanza

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni nesi wa usingizi. Kazi yangu ni kukulaza, kukulinda ukiwa umelala na kukuamsha. Wagonjwa wengi wanaofika kwangu kwa mara ya kwanza hawaogopi kisu, wanaogopa kulala. Wanaona wanakabidhi pumzi zao kwa mtu wasiyemjua hata jina. Daktari wa upasuaji wameshamuuliza kila kitu kuhusu ngiri au uvimbe, lakini hakuna aliyewaambia kwamba usingizi nao una mtu wake, na kwamba mtu huyo ndiye wa kuwatua mzigo wao wa hofu. Somo hili nawaandikia hao.

Hatua ya 1: Ijue hofu yako ni ipi hasa

"Naogopa operesheni" ni neno pana mno, hakuna anayeweza kulijibu. Chukua karatasi uandike unachoogopa. Kutoamka? Kuzinduka katikati? Sindano? Maumivu ya baadaye? Watoto watabaki na nani? Kila hofu ina mtu wake wa kuijibu. Ya watoto itajibiwa na dada yako au jirani unayemwamini, na ukiimaliza hiyo mapema utashangaa jinsi kifua kinavyopungua uzito.

Mbili watu huona haya kuzitaja, kwa hiyo nazitaja mimi. Ya kwanza ni kuvuliwa nguo. Unapaswa kufunikwa shuka, na panafunuliwa pale panapofanyiwa kazi tu. Kama unataka kubaki na mtandio wako mpaka upewe kofia ya chumba cha upasuaji, sema. Kama ungependa awepo nesi wa kike, sema ukiwa bado wodini ili wapange. Ya pili ni kuropoka siri. Kwenye usingizi mzito huzungumzi kabisa. Wakati wa kuzinduka mtu anaweza kutamka maneno mawili matatu yasiyo na kichwa wala miguu, na sisi tumefungwa na maadili ya kazi: cha mgonjwa hakitoki.

Hatua ya 2: Onana na mtu wa usingizi

Hapa ndipo penye uzito wa somo, naomba usiparuke. Mara nyingi mtu wa usingizi hupita wodini jioni ya kuamkia operesheni, au unaonana naye kliniki. Asipotokea, uliza: "Nani atanipa usingizi kesho? Naomba nionane naye." Si utovu wa adabu, ni haki yako.

Atakwambia ufungue mdomo, uinue shingo, atakuuliza kama kuna jino linalolegea. Anaangalia njia ya hewa itakavyokuwa rahisi au ngumu. Mwambie ukweli wote: pumu, presha, sukari, selimundu, dawa zinazokudhuru, vidonge unavyomeza na mitishamba unayokunywa. Sigara, pombe, mirungi na bangi pia. Hatuulizi ili kukuhukumu. Vitu hivyo vinagusa moyo, mapafu na kiasi cha dawa utakachohitaji, na ukinificha unanifanya nikulinde huku nimefumba macho.

Kuna swali ambalo watu hulijibu haraka haraka: je, yupo ndugu wa damu aliyewahi kupata tatizo akiwa kwenye nusu kaputi? Mpigie shangazi simu kabla hujasema hapana. Yapo matatizo machache ya kurithi. Kuna watu ambao dawa fulani za usingizi huwapandisha joto la mwili kwa ghafla na kwa hatari, na wengine dawa ya kulegeza misuli hukawia sana kuwatoka. Tukijua mapema tunatumia dawa nyingine.

Halafu muulize utapewa aina gani. Wengi hujiandaa kwa nusu kaputi kumbe watachomwa sindano ya mgongo, ambayo hutumika sana kwa kujifungua kwa upasuaji, ngiri, tezi dume na operesheni za miguu. Hiyo unakuwa macho. Utasikia sauti, utasikia vyuma vikigongana, utahisi kuvutwa na kusukumwa, lakini maumivu ya kukatwa hapana. Kabla ya kuanza tunakujaribu kwa kitu cha baridi au kwa kukufinya, na isiposhika hatuanzi.

Kwa nusu kaputi, dawa inayotumika mara nyingi ni nyeupe kama maziwa, inapita kwenye mshipa na inaweza kuchoma kidogo mkononi. Hapo huwa hujamaliza sentensi unayoisema. Wengi hudhani tunachoma sindano moja kisha tunaondoka tukitumaini muda utatosha. Sivyo. Dawa inaendelea kutolewa mpaka daktari amalize kushona, na mtu wa usingizi anakaa hapo kichwani kwako muda wote. Kwenye kidole kuna kibanio cha kupima oksijeni, kinalia kila moyo unapopiga. Kwenye mashine nyingi, oksijeni ikianza kushuka ule mlio unakuwa mzito zaidi. Kwa hiyo hata nikiwa nimeinama kuchukua dawa, masikio yangu yako kwako.

Hatua ya 3: Tumbo

Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni chakula cha mwisho kiliwe muda wa masaa 6 kabla ya operesheni, na chakula cha mafuta mengi masaa 8 kabla. Maji matupu huruhusiwa hadi yabaki masaa 2 kabla. Hospitali yako ikikupa masharti makali zaidi, fuata ya kwao. Sababu ni kwamba ukilala, koo nalo linalala. Kilichomo tumboni kikipanda kinaweza kuingia kwenye mapafu. Ndugu anayekuletea uji kwa siri alfajiri kwa huruma anakuweka hatarini. Na ukiwa umeshakula, sema. Kuahirisha kunakera, lakini kunarekebishika.

Hatua ya 4: Usiku wa kuamkia

Simu mpe mtu mmoja wa kuaminika awe ndiye anayejibu ndugu. Hadithi za "fulani aliingia hakutoka" zitakujia tu, na karibu kila mara hazisemi kama fulani aliletwa mahututi usiku, alikuwa ametokwa na damu kiasi gani, au moyo wake ulikuwaje. Operesheni iliyopangwa, mgonjwa akiwa amepimwa na kuandaliwa, si sawa na hiyo.

Zoezi la pumzi lianze siku kadhaa kabla. Vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Dakika tano zinatosha. Lakini kama wewe ni wa kuzimia ukiona sindano, fanya jingine: omba uchomwe ukiwa umelala, na ukaze misuli ya mapaja na mashavu ya miguu kwa sekunde kumi hivi, ulegeze, ukaze tena. Hiyo inazuia presha isishuke ghafla.

Ukishindwa kabisa kulala, mwambie nesi wa zamu. Ipo dawa ya kutuliza tunayoweza kukuandikia. Usimeze ya kwako uliyonunua dukani.

Hatua ya 5: Asubuhi, na mezani

Toa rangi ya kucha, meno ya bandia, dhahabu, kikuku, vibanio vya chuma kwenye nywele. Hina na piko kwenye ncha za vidole ni tatizo ambalo watu hawalijui: kile kibanio hupitisha mwanga kwenye kidole, na piko nyeusi inaweza kukifanya kisome vibaya. Kama una harusi wiki hiyo, acha angalau kidole kimoja kitupu kila mkono.

Utaulizwa jina lako, umekuja kufanyiwa nini na upande upi. Utaulizwa tena na mtu wa pili, pengine na wa tatu. Wagonjwa huingiwa na woga hapo: hawa hata hawanijui? Wanakujua. Ni utaratibu wa orodha ya usalama iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2008, unaopitiwa kabla ya usingizi, kabla ya kukata na kabla ya kutoka chumbani. Pamoja na mengine, wanahesabu vitambaa na vifaa visije vikasahaulika mwilini. Wewe jibu tu kila mara, kwa sauti.

Chumba ni baridi, omba blanketi. Omba dakika ya dua au sala, hakuna atakayekucheka. Ukizinduka unaweza kutetemeka, koo likakwaruza kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na ukasikia kichefuchefu. Hayo yanapita. Maumivu yakianza sema mapema, usisubiri yakuzidi ndipo uite.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Nasra: Sista asante sana. Mimi nimepangiwa kujifungua kwa upasuaji. Majirani wanasema sindano ya mgongo inapoozesha, na mgongo utauma maisha yote.

Jibu: Hongera mama kijacho. Uti wa mgongo wenyewe, yaani ule mshipa mkuu wa fahamu ulio ndani ya mifupa ya mgongo, kwa mtu mzima unaishia juu ya pale tunapochoma, na hiyo ndiyo sababu tunachoma chini kiunoni. Kupooza kunaweza kutokea ila ni nadra mno. Maumivu ya mgongo baada ya uzazi huwapata hata waliojifungua kawaida, kwa sababu ya mimba yenyewe na kubeba mtoto. Kitu unachopaswa kukijua ni kichwa: baadhi hupata maumivu makali ya kichwa siku chache baadaye, yanayozidi ukikaa na kupungua ukilala. Hayo yana tiba, rudi hospitali. Yakija na homa, shingo kukakamaa au degedege, usingoje kesho. Wakati wa kuchomwa kunja mgongo kabisa, kidevu kifuani. Ukikunja vizuri, kazi inakuwa fupi.

Mzee wa Korogwe: Mwanangu, mimi ni tezi dume. Presha yangu nyumbani ni nzuri, nikiona koti jeupe inapanda. Wameniahirisha tayari. Na vidonge vyangu nimeze au niache?

Jibu: Shikamoo baba. Hali hiyo ipo na tunaijua. Pima nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki nzima, andika kwenye daftari pamoja na tarehe, uje nalo. Daftari hilo linatusaidia kuliko kipimo kimoja cha mlangoni. Vidonge vingi vya presha humezwa asubuhi ile ile kwa funda la maji, lakini vipo ambavyo tunaviruka siku hiyo, na aspirini nayo ina hukumu yake kwa operesheni ya tezi. Kwa hiyo njoo na pakiti zenyewe, baba, tukuonyeshe kimoja kimoja. Usiache chochote kwa uamuzi wako.

Chuga Boy: Sista, vipi mtu azinduke katikati lakini hawezi kusema? Hiyo ndiyo inaninyima usingizi.

Jibu: Kaka yangu, inatokea, na ni nadra. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Uingereza na Ireland na kutolewa mwaka 2014 ulikuta takriban mtu 1 katika 19,000 waliopewa nusu kaputi ndiye aliyetoa taarifa ya hivyo. Takwimu ni za kwao, ila zinakupa picha. Mara nyingi ilikuwa dakika chache, mwanzoni au mwishoni, na si wote waliosikia maumivu. Hatari inaongezeka kwenye operesheni za dharura, pale hali ya mgonjwa inapotulazimisha kupunguza dawa. Mwambie mtu wa usingizi kwamba hii ndiyo hofu yako. Atakueleza atakuwa anaangalia nini.

Bint Pemba: Mdogo wangu alichomwa sindano ya usingizi ya kushona jeraha, akaamka analia, anasema alikuwa anaelea juu ya dari. Alipewa nini?

Jibu: Kwa maelezo hayo inafanana na ketamini. Ni dawa nzuri, inatumika sana kwetu kwa sababu mgonjwa huendelea kupumua mwenyewe na presha haishuki kirahisi. Ubaya wake ni ndoto za ajabu wakati wa kuamka. Husaidia akiambiwa mapema, akaamkia mahali palipotulia bila kelele, na tunaweza kumpa dawa ya kupunguza ndoto hizo. Safari nyingine mwambie ataje kisa hicho kabla.

Baba Careen: Wamesema tutafute ndugu wawili wachangie damu kwa ajili ya mke wangu. Hapo ndipo nimeogopa. Ina maana hali ni mbaya?

Jibu: Hapana. Ni maandalizi, damu iwepo kabla haijahitajika. Wagonjwa wengi hawaongezewi hata tone. Mweleze hivyo mkeo wewe mwenyewe, asije akaisikia nusu nusu kwa mwingine.

Dada Upendo: Mwanangu ana miaka 4, ngiri. Tumemwambia tunaenda kununua soda. Sawa?

Jibu: Dada, mwambie ukweli mdogo unaomtosha: "Daktari atatengeneza hapa tumboni, utalala, ukiamka mama yupo." Akigundua soda ilikuwa uongo, atapigana na kila mtu mle ndani, wewe ukiwa wa kwanza. Mbebee kanga yako aliyoizoea. Uliza kama mnaruhusiwa kuingia naye mpaka alale, baadhi ya hospitali wanakubali. Na akiwa na mafua yenye homa au kikohozi, toa taarifa kabla ya siku, maana huenda tukasubiri wiki kadhaa mapafu yatulie.

Chuga Boy: Swali la mwisho Sista. Nikishasaini ile fomu, nikafika mezani nikaona siwezi?

Jibu: Kabla hujapewa dawa unaruhusiwa kusema "simameni kwanza." Sahihi yako haikufungi. Tutasimama, tutaongea. Wengine huendelea baada ya mazungumzo mafupi, wengine hurudi wodini tukawapangia siku nyingine, na wapo ambao tumewaomba wakaonane kwanza na mwanasaikolojia kwa sababu hofu yao ilikuwa kubwa kuliko maneno yangu. Ila usisubiri mezani, kaka. Jioni ile nikipita wodini niambie hivi: "Ni mara yangu ya kwanza, naogopa kuzinduka katikati, naomba unieleze kila unachofanya kabla hujakifanya." Nitaiandika kwenye faili lako, ili hata zamu ikibadilika atakayekuja aikute.