Uwanja wa kufungulia mbwa Mbeya: jinsi ya kuuzungushia uzio

Kwa majirani wenye mbwa wanne hadi sita, eneo la mita 20 kwa 30 linatosha. Likiwa dogo zaidi mbwa wanabanana, na ugomvi hauishi. Mkishakubaliana na mwenye kiwanja pamoja na ofisi ya mtaa, chimbeni mashimo mwezi Mei, mvua ikiwa imekata na ardhi bado laini. Mkingoja Agosti, kazi ya chepe itageuka kazi ya sururu.

Mzunguko wa mita 100 unataka nguzo kama 40, moja kila mita 2.5. Tumieni nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa, zile zinazotoka Mufindi na Njombe. Zisizo na dawa huliwa na mchwa kuanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki. Nguzo za kawaida ziwe na mita 2.4, sentimita 60 ziingie ardhini. Za kona na za geti ziwe na mita 2.7 na zishuke sentimita 90, kwa sababu ndizo zinazovutwa na wavu wote. Zege ni ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto. Subirini siku 7 kabla ya kukaza wavu, la sivyo nguzo zitainama na hazitanyooka tena.

Msiache kona kali. Mbwa anayekimbizwa akibanwa konani hugeuka na kuuma, hata yule mpole kabisa. Kila kona ikatwe mshazari kwa nguzo mbili.

Wavu uwe na kimo cha mita 1.8. Seng'enge ya miba haifai hapa, inachana ngozi na macho. Kinachowashinda wengi ni chini ya wavu. Mbwa anayetaka kutoka haanzi kuchimba mita moja nyuma. Anasogeza pua hadi waya unapogusa udongo, kisha anaparua hapohapo. Basi lazeni ardhini, upande wa ndani, kipande cha wavu chenye upana wa sentimita 60, mkifunge kwa waya kwenye wavu uliosimama na kukipigilia vigingi kila nusu mita. Akiparua anakuta waya, na hawazi kurudi nyuma hatua mbili. Pandeni ukoka juu yake. Baada ya msimu mmoja wa mvua wavu huo hauonekani tena.

Milima yetu ina jambo lake jingine: maji. Kiwanja kikiwa na mteremko, mvua za Desemba hadi Machi hufukua udongo chini ya uzio. Chimbeni mtaro wa sentimita 30 nje ya uzio, upande wa juu, na mkague kila baada ya mvua kubwa.

Sasa geti, na hapa msibane matumizi. Yawe mawili, na katikati pawe na kijichumba cha mita 2 kwa 2. Geti moja likifunguka, la pili liwe limefungwa. Yote mawili yafunguke kuelekea uwanjani, ili mbwa akilisukuma kwa ndani azidi kulifunga. Komeo liwe mita 1.2 kutoka chini. Chini ya kila geti mwageni kizingiti cha zege, kwa sababu nyayo humomonyoa udongo na kuacha pengo ambalo mbwa mdogo anapita akitambaa.

Kamba ivuliwe ndani ya kijichumba. Mbwa aliyefungwa akiingia kati ya waliofunguliwa hujiona amenaswa, na huanza yeye kuuma. Kabla hajaingia, waiteni wale walio ndani waondoke getini.

Chakula na mifupa vibaki nyumbani. Jike aliye kwenye joto asije. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asije pia, kwani kirusi cha parvo, kinachoharisha na kuua watoto wa mbwa, hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi. Chanjo ya kichaa cha mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka; kadi ionyeshwe kabla ya mbwa kukubaliwa. Mavi yaokotwe hapohapo, yatupwe kwenye shimo lenye kifuniko.

Wekeni bomba na sabuni karibu na geti. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ana kadi.