Ukinyanyaswa kazini, sema inafanana na nini

Jamani ndugu zangu wa Mbeya, ukinyanyaswa kazini usiishie kusema "bosi ananisumbua" maana watakwambia vumilia tu. Sema inafanana na nini. Mimi nilimwambia dada ni kama manyunyu ya Tukuyu, tone moja haliumi ila yanashinda siku nzima mpaka unalowa hadi mifupani, hapo hapo akaelewa, na mwezi mzima alikuwa anaona nadeka. Kuna utafiti wa Marekani wa 2006, walionyanyaswa walisema ni vita, jinamizi, utumwa, mateso ya matone ya maji, yani yale yale! Ukishapata mfano wako andika na matone yenyewe: tarehe, maneno aliyosema, nani alikuwepo, maana ukifika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, mfano peke yake hautoshi.