Uchaguzi wa kitongoji: pa kushika wenyewe na pa kuwaachia serikali

Huku Kalinzi, mkoani Kigoma, ukimwuliza mtu nani anaendesha uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji, atakujibu "Tume," yaani Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Siyo. Uchaguzi wa vijiji, vitongoji na mitaa uko chini ya TAMISEMI, ofisi ya serikali kuu inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa: waziri anatoa kanuni, mkurugenzi wa halmashauri ndiye msimamizi, na wasaidizi wake wanashuka hadi kwetu. Sheria ya Tume Namba 2 ya mwaka 2024 inaitajia Tume kazi hiyo, lakini kwa utaratibu wa sheria ambayo Bunge litatunga. Novemba 27, 2024 tukapiga kura chini ya TAMISEMI vilevile. Mimi ni mkulima wa kahawa na mjumbe wa halmashauri ya kijiji; sheria siibadilishi kutoka shambani. Ila najua pa kushika.

Nagawa hivi: "Fulani anakaa hapa?" ni swali letu. "Utaratibu ukoje?" ni swali la serikali. Vurugu huanza upande mmoja unapojibu swali la mwenzake.

Anzeni na orodha ya wapiga kura, maana kura nyingi hupotelea hapo kabla hazijapigwa. Julai 20, 2024 uboreshaji wa Daftari la Kudumu ulizinduliwa hapahapa Kigoma, watu wakapanga foleni wakapewa kadi. Oktoba 11 hadi 20 wakaja waandikishaji wa serikali za mitaa, na majirani wakawa wanawajibu, "Mimi nimeshajiandikisha, kadi hii hapa." Kadi ile ni ya Rais, mbunge na diwani. Orodha ya kitongoji ni nyingine kabisa, haitoi kadi, na jina lisipokuwamo utarudi nyumbani na kadi yako mfukoni. Litangazeni hilo msikitini, kanisani na gulioni, tena kabla ya siku ya kwanza ya uandikishaji.

Orodha ikibandikwa, msiende mmoja mmoja. Tafuteni watu wanaozijua nyumba: mkunga wa siku nyingi, mwenye duka anayekopesha, kijana wa bodaboda. Balozi wa nyumba kumi anazijua pia, lakini balozi ni wa chama, kwa hiyo aende na mtu wa chama kingine. Someni jina kwa jina, nyumba kwa nyumba. Andikeni waliofariki, waliohamia Uvinza, watoto wa shule waliokuzwa umri kwa kalamu, na walioachwa. Kisha pelekeni pingamizi kwa maandishi ndani ya siku zilizotangazwa. Kelele za kilabuni hazina mhuri.

Sasa niseme lisilopendwa. Sisi wa mpakani tuna ugonjwa wa kumwona mtu tuliyegombana naye mpaka wa shamba akageuka Mrundi ghafla wakati wa uchaguzi. Kiha chetu na Kirundi vinakaribiana, kwa hiyo lafudhi haithibitishi kitu. Kitongoji kiseme anakaa nyumba gani na tangu lini. Uraia ni kazi ya Uhamiaji, kwa nyaraka. Hapa nataka mkono wa serikali uwe mzito, kwa sababu wa kumwonea huyo mtu ni sisi wenyewe. Wanaodai kila kitu kiachiwe kijiji hawajawahi kuishi kijijini na adui.

Kwa wagombea mambo hugeuka. Mgombea binafsi haruhusiwi, lazima upite chamani, na fomu ndiyo mtego. Mwaka 2019 wagombea wengi wa upinzani walienguliwa kwa makosa ya fomu. Waziri wa TAMISEMI baadaye akatangaza kwamba waliorudisha fomu waruhusiwe kugombea, lakini vyama vikuu vya upinzani, ACT-Wazalendo na CHADEMA vikiwamo, vilikuwa vimeshajitoa, na sehemu nyingi watu wakapita bila kupingwa. Kwa hiyo: jina kwenye fomu lifanane herufi kwa herufi na vitambulisho vyako. Kabla ya kurudisha, shuka Mwandiga ukatoe kopi. Ukirudisha, omba aliyepokea aandike tarehe na saa, asaini kwenye kopi yako. Ofisi ikiwa imefungwa, nenda na mashahidi wawili, andikeni muda mliofika. Ukienguliwa, usimalize siku ukilalamika. Rufaa ina muda mfupi, na bila kopi huna cha kukatia.

Siku yenyewe ni fupi, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Barua za mawakala ziwe zimeshafika siku kadhaa kabla, kwani wakala asiyetambuliwa husimama nje na jua lake. Wakala ahesabu waliopiga kura kwa vijiti kwenye daftari lake: ||||. Kura zikihesabiwa hapohapo kituoni, idadi ya karatasi za kila nafasi isizidi vijiti vyake. Ikizidi, aandike kabla ya kusaini fomu ya matokeo, siyo baada.

Na msisubiri 2029. Mkutano mkuu wa kijiji ujao, kwenye mengineyo, ombeni kila kitongoji kiwe na kaunta buku la kaya: mkuu wa kaya, wakazi, miaka ya kuzaliwa. Mtendaji akae na nakala moja, nyingine ishikwe na mtu ambaye mkutano wenyewe umemchagua. Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, anaweza kuhamishwa kesho akaondoka na funguo za kabati.