Jinsi ya kuweka malengo ya kusoma kwa kata nzima na kuyapima: uzoefu wa Bagamoyo

Mwezi wa pili mwenzangu mmoja, Afisa Elimu Kata mgeni aliyepangiwa upande wa bara hapa wilayani Bagamoyo, alinipigia simu usiku. Alitakiwa kuwasilisha malengo ya kujifunza ya shule zake tano kabla ya Ijumaa, na alikuwa ameandika mstari mmoja: "Kuongeza ufaulu kutoka asilimia 68 hadi 85." Nikamuuliza, ufaulu wa nani, na katika nini? Akanyamaza. Nilimshauri aombe muda, akapewa wiki tatu. Tulikaa siku mbili mezani, kisha tukazunguka shule kwa pikipiki. Naandika tuliyoyafanya kwa sababu miaka sita iliyopita mstari kama ule niliuandika mimi, na hakuna aliyeniuliza swali.

Nazungumzia kata yenye shule tano hadi kumi. Halmashauri hufanya hivi hivi, ila yenyewe inajumlisha kata.

Hatua ya 1: Chagua jambo moja

Ufaulu haukuambii mtoto anaweza nini. Mtihani wa NECTA (Baraza la Mitihani) wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita ya alama 50 kila moja, jumla 300, na daraja C linaanzia alama 121. Mwenye C amefaulu, lakini C hiyo inaweza kuficha somo ambalo mtoto hajui kabisa. Na matokeo yanapotoka, mtoto ameshaondoka shuleni kwako.

Mimi huchagua kusoma Kiswahili, Darasa la Pili na la Tatu. Najua wapo wanaosema hali ya hisabati ni mbaya zaidi, na huenda ni kweli. Ila mtoto asiyeweza kusoma swali la hisabati hatalijibu. Hisabati iingie mwaka unaofuata.

Hatua ya 2: Andaa karatasi ya kupimia

Tumia ngazi, usitumie alama. Ngazi ni tano: hajaanza, silabi, maneno, aya, hadithi. Njia hii ilitoka India, ambako shirika la Pratham lilianza upimaji wake wa ASER mwaka 2005, na mradi wa Uwezo ukaileta huku Afrika Mashariki. Naipenda kwa sababu mzazi asiyejua hata asilimia ni nini anaelewa ukimwambia "mwanao anasoma maneno, aya bado."

Unaanzia kwenye aya. Mtoto akiisoma vizuri, mpe hadithi na maswali mawili ya ufahamu. Ikimshinda, mshushe kwenye maneno: achague matano, akipata manne yupo ngazi ya maneno. Asipopata, mshushe kwenye silabi kwa utaratibu huo huo.

Wapo wanaopima kwa saa, maneno mangapi kwa dakika. Siwakatazi, lakini kwa kazi ya kata siipendi. Watoto wanaiona simu mkononi mwa mwalimu, wanakimbiza maneno kama wanafukuzwa, na ukiwauliza mbuzi alikwenda wapi hawajui.

Usichukue aya kwenye kitabu cha kiada. Nimewahi kumpa binti mmoja wa Darasa la Pili ukurasa wa kitabu chao, akausoma bila kukwama. Nikafunika mstari wa tatu kwa kiganja, akaendelea kuusoma. Tunga aya mwenyewe, sentensi nne fupi, kwa maneno ambayo mtoto wa pwani na mtoto wa mfugaji wote wanayajua: maji, mbuzi, embe, soko. Neno "dau", chombo cha baharini, kwa mtoto wa Mlingotini kule pwani ni kitu cha kila siku. Aliyekulia porini na ng'ombe hajawahi kuliona.

Silabi zichanganye. Ukiziandika ba be bi bo bu, utaimbiwa.

Andaa matoleo mawili, A na B, yenye idadi ileile ya sentensi na ya silabi ngumu kama mbwa na nywa. Yajaribu kwanza kwa watoto wachache wa Darasa la Nne. Wao wakikwama mahali, tatizo ni aya yako.

Hatua ya 3: Pima

Mtoto mmoja mmoja, chini ya mwembe, mbali na wenzake wasije wakasikia. Mwalimu asipime watoto wake mwenyewe: walimu wa shule ya kwanza waende ya pili, wa pili waende ya tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Simaanishi kwamba walimu ni waongo. Mwalimu anayempenda mtoto humsaidia kwa jicho na kwa midomo bila kujijua.

Kwa shule za pwani, angalia mwezi wa angani kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana, maji hukauka kwenye saa nne asubuhi, na kwenye vijiji vya mwani watoto wengi huwafuata mama zao kuvuna. Panga siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, utawakuta darasani.

Hatua ya 4: Gawanya kwa idadi iliyo sahihi

Hapa ndipo nilipopoteza usiku mbili mfululizo, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Mwaka wangu wa kwanza, Februari, asilimia 41 ya watoto walisoma aya au zaidi. Oktoba, asilimia 63. Nikasimama kwenye kikao cha walimu wakuu nikatangaza. Mwalimu mkuu mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mbona hawa wa Oktoba ni pungufu?" Nikarudi kwenye daftari. Februari tulipima watoto 412, na 169 walisoma. Oktoba tulipima 338, na 213 walisoma. Watoto 74 hawakuwepo, nami nilikuwa nimewafuta bila kujua, kwa sababu niligawanya kwa waliopimwa.

Nikaanza kuwatafuta jina kwa jina. Wenye barua za uhamisho walikuwa 12 tu, na watano kati yao walikuwa wanasoma tangu Februari. Waliobaki, 62, walikuwa bado watoto wetu: watoro, wagonjwa, waliopelekwa kwa bibi, wengine hawakuja siku ile tu. Nilipowatoa wale 12 pande zote mbili, hesabu ikawa 164 kati ya 400 kwa Februari na 213 kati ya 400 kwa Oktoba. Asilimia 41 hadi 53. Pointi 22 nilizotangaza zikawa 12, na ikabidi niitishe kikao kingine kusema hivyo. Inawezekana baadhi ya wale 62 walikuwa wamejifunza kusoma, lakini kama hukumpima huna haki ya kumhesabia.

Tangu hapo kila shule inaniletea idadi tatu: walioandikishwa, waliopimwa, waliofikia. Silipokei jedwali lenye asilimia pekee, hata likiwa limepigwa muhuri. Na haya ndiyo mambo yanayosumbua kila mara:

Aliyehama kwa barua anatolewa Februari na Oktoba. Kumtoa upande mmoja tu ni kuharibu hesabu yote.

Aliyehamia baada ya Februari anaandikwa ukurasa wake. Anafundishwa kama wengine, ila huwezi kupima hatua alizopiga kwako wakati hujui alianzia wapi.

Mtoro anabaki kwenye idadi unayogawanyia. Tumebishana sana juu ya hili, na walimu wana hoja, kwamba hawawezi kumfundisha asiyekuja. Lakini ukimtoa mtoro kwenye hesabu, umeipa shule sababu ya kutomfuata nyumbani. Sitalegeza hapo.

Mgonjwa au asiyekuwepo siku hiyo anarudiwa ndani ya wiki mbili. Tenga siku za kuwarudia tangu mwanzo, usisubiri zijitokeze.

Aliyekariri darasa mfuate yeye, usifuate darasa. Darasa la Pili la mwaka huu na la mwaka jana ni watoto tofauti. Kuwalinganisha kunaweza kukuambia kitu kuhusu darasa, ila hakukuambii kama mtoto fulani amesogea.

Mwenye ulemavu asitolewe. Mwenye uoni hafifu mpe karatasi ya maandishi makubwa. Asiyesikia au asiyeongea aoneshe kwa kidole neno linalolingana na picha. Usimwandike "hajaanza" mtoto ambaye haioni karatasi.

Majina nayo ni kazi. Shule moja ilikuwa na Ramadhani Juma watatu, wawili mkondo mmoja, nami nikawachanganya. Andika namba ya PReM, ile ya mwanafunzi kwenye mfumo wa NECTA, pembeni ya kila jina. Mtoto akihama anaondoka nayo, hivyo hata aliyekwenda Chalinze utamjua.

Kosa la mwisho ndilo nililolikuta kwa mwenzangu. Alijumlisha asilimia za shule akagawanya kwa idadi ya shule. Chukua shule mbili. Moja ina watoto 40, wanaosoma ni 32, yaani asilimia 80. Nyingine ina watoto 160, wanaosoma ni 72, yaani asilimia 45. Ukichukua katikati ya 80 na 45 unapata 62.5. Sasa hesabu watoto: 104 kati ya 200, asilimia 52. Shule kubwa, ambako ndiko watoto wengi hawasomi, imezibwa na shule ndogo. Jumlisha watoto kwanza, asilimia itafute mwisho kabisa.

Kwa kazi yote hii natumia kaunta buku ya kwaya tatu, ukurasa mmoja kwa darasa, penseli kwa ngazi na kalamu kwa jina. Excel naitumia kwa jumla ya kata tu. Fomu za kujaza kwa simu niliziacha. Bando linaisha katikati, na mwalimu anakisia ili amalize. Picha ya ukurasa kwenye kundi la WhatsApp inatosha.

Hatua ya 5: Weka lengo ukianzia kwa watoto ulionao

Lengo lisitoke hewani wala lisishushwe kutoka juu likiwa limeshakatwa. Tuseme darasa lina watoto 60: hajaanza 9, silabi 18, maneno 15, aya 12, hadithi 6. Wanaosoma aya au zaidi ni 18. Wa ngazi ya maneno, 15, wakifundishwa vizuri wanaweza wote kufika aya kufikia Oktoba. Hiyo ni 33. Wa silabi wana ngazi mbili za kupanda. Ukitegemea nusu yao, 9, unafika 42. Andika 40. Hilo unaweza kumweleza mwalimu akalikubali, maana anaona majina nyuma ya namba.

Ukiishia hapo, utaua wale wa chini. Mwalimu mwenye lengo la "40 wafike aya" atakaa na wa maneno, walio karibu na mstari, na wale tisa wataishia dawati la nyuma. Nimeliona hili kwa macho yangu. Kwa hiyo weka lengo la pili sambamba na la kwanza: kila mtoto aliye chini ya hadithi apande angalau ngazi moja, na Oktoba asibaki hata mmoja kwenye hajaanza. Hili la pili ndilo ninaloliulizia kwanza nikifika shuleni.

Hatua ya 6: Pima tena

Juni kabla ya likizo kwa toleo B, Oktoba kwa toleo A. Utaratibu uleule, kubadilishana shule kulekule. Juni ni ya kupanga upya makundi, usiipeleke popote.

Hatua ya 7: Rudisha matokeo

Ndani ya wiki moja kila mwalimu apate ukurasa wake na kila mzazi aambiwe ngazi ya mwanawe. Usizipange shule kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Wakati wa mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kuanzia 2013, shule zilipewa rangi za kijani, njano na nyekundu, na walimu wa nyekundu niliowajua walitafuta uhamisho. NECTA wenyewe wameshaacha kutangaza shule kumi bora. Linganisha kila shule na yenyewe ya Februari.

Mwenzangu aliwasilisha kazi yake siku mbili kabla ya muda kwisha. Mstari ule wa asilimia 85 haukuwemo tena. Aliandika hivi: "Watoto walioandikishwa Darasa la Pili na la Tatu katika shule zetu tano ni 287. Wanaosoma aya au zaidi ni 96. Kufikia mwisho wa Oktoba wawe 165. Ambao hawajaanza kabisa ni 38. Kufikia mwisho wa Oktoba asiwepo hata mmoja. Majina yameambatanishwa."