Kusoma orodha za prosesa kwenye keneli ya Linux, hatua kwa hatua

Mashine iliyonifundisha somo hili ipo hapa Dodoma, kwenye studio ya kituo kimoja cha redio. Ina prosesa 8, na sauti ilikuwa ikikatika katikati ya kurekodi kila kazi nyingine zinapozidi. Nikaamua kuitengea programu ya sauti prosesa zake. Nikafungua `/etc/default/grub`, faili la mipangilio ya GRUB, programu inayoiwasha keneli (moyo wa mfumo wa Linux). Kwenye mstari wa kuwashia, yaani maagizo ambayo keneli inayasoma inapoanza, nikaongeza agizo la kutenga prosesa 2 na 3:

```
isolcpus=2, 3
```

Mashine ilipowaka, hapakuwa na dirisha wala aikoni, ni maandishi tu kwenye skrini nyeusi. Mchana wote niliumalizia kwenye draiva ya picha. Kumbe tatizo ni ile nafasi baada ya mkato. Kwenye mstari wa kuwashia, nafasi ndiyo inayotenganisha mpangilio na mpangilio. Keneli ilichukua `2,` ikatenga prosesa moja. Ile `3` ikabaki yatima, systemd, programu inayoanzisha huduma nyingine zote, ikaiokota na kuielewa kama agizo la kuwasha mashine bila mazingira ya picha. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu kila mmoja alipata kitu anachokielewa.

Tangu siku hiyo siandiki orodha ya prosesa bila kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua ulichonacho

```
cat /sys/devices/system/cpu/online
cat /sys/devices/system/cpu/possible
```

Jibu la kwanza kwenye mashine ile ni `0-7`. Hesabu inaanzia 0, kwa hiyo prosesa ya nane ni namba 7. Faili la pili linataja prosesa ambazo keneli imejiandaa kuzipokea, na kwenye mashine pepe (kompyuta ya kiprogramu ndani ya kompyuta nyingine) huwa linaweza kuzidi kabisa zile zilizopo.

Hatua ya 2: Jifunze sarufi yake

Orodha hizi ni kalugha kadogo, na sheria zake zinakaa kiganjani. `5` ni prosesa moja. `2-4` ni 2, 3 na 4, na lazima upande kutoka ndogo kwenda kubwa, `4-2` inakataliwa. Mkato unaunganisha vipande: `0-3,6`. Kwenye keneli za karibuni, `N` ni prosesa ya mwisho na `all` ni zote, ila mimi kwenye mashine pepe naandika namba kamili ili nisije nikalenga prosesa ambayo haipo.

Kinachowasumbua vijana wengi ninaowafundisha ni hiki:

```
0-7:2/4
```

Huwa nawaeleza kwa shamba la zabibu la mjomba wangu kule Hombolo. Safu zina namba 0 hadi 7. Zigawe mafungu ya nne nne, halafu katika kila fungu pogoa mbili za mwanzo. Utapogoa 0, 1, 4 na 5. Namba iliyo baada ya mkwaju (`/`) ni ukubwa wa fungu, na iliyo kabla yake ni ngapi unazichukua. Mtu aliyewahi kushika mkasi shambani haulizi mara ya pili.

Angalia mtego hapa: amri ya `taskset`, inayoipangia programu prosesa zake, ina sarufi inayofanana lakini si hiyo. `taskset -c 0-7:2` maana yake ruka mbili mbili, yaani 0, 2, 4, 6. Keneli ukiipa `0-7:2` bila mkwaju inakataa. Kwake unaandika `0-7:1/2`.

Hatua ya 3: Tafuta pacha

```
cat /sys/devices/system/cpu/cpu2/topology/thread_siblings_list
```

Mimi nilipata `2,6`. Yaani prosesa 2 na 6 zinagawana kiini kimoja cha chipu. Ukitenga 2 ukaiacha 6 ikihudumia kazi za kila mtu, bado jirani anagonga ukuta uleule. Pacha wa 3 ni 7, kwa hiyo orodha sahihi kwangu ikawa `2-3,6-7`.

Hatua ya 4: Usichanganye orodha na maski

Kwenye `/proc/irq/`, kila namba ya katizo (ishara ya kifaa kinachoomba kuhudumiwa na prosesa) ina mafaili mawili ya kuchagulia prosesa. `smp_affinity_list` linapokea orodha. `smp_affinity` linapokea maski, yaani namba ya heksadesimali (inayohesabu kwa kumi na sita), ambamo kila prosesa ni biti moja, tarakimu ya 0 au 1, kuanzia kulia. Orodha `0-3,6` kwa maski ni `4f`. Ukiandika `4` kwenye faili la orodha, umechagua prosesa 4. Ukiandika `4` hiyohiyo kwenye maski, umechagua prosesa 2. Ukiandika `10` kwenye maski, hapo ndipo umeipata prosesa 4. Yote yanakubalika, ndiyo maana ni hatari. Mimi natumia faili la orodha tu.

Hatua ya 5: Acha skripti isome kwa niaba yako

Kukata maandishi kwenye mikato hakutoshi: `0-3,6` itakupa vitu viwili wakati prosesa ni tano. Hii ya Python naitembeza kabla ya kugusa GRUB:

```python
def soma(orodha, mwisho):
    zote = set()
    for k in orodha.replace(",", " ").split():
        k = k.replace("all", "0-N").replace("N", str(mwisho))
        eneo, nukta, fungu = k.partition(":")
        a, kistari, b = eneo.partition("-")
        a = int(a)
        b = int(b) if kistari else a
        chukua, ukubwa = 1, 1
        if nukta:
            chukua, ukubwa = map(int, fungu.split("/"))
        if (nukta and not kistari) or a > b or b > mwisho \
           or ukubwa == 0 or chukua > ukubwa:
            raise ValueError(k)
        zote |= {n for n in range(a, b + 1)
                 if (n - a) % ukubwa < chukua}
    return sorted(zote)

print(soma("2-3,6-7", 7))
```

Skripti inavumilia nafasi kati ya vipande, kwa kuwa hata keneli inazivumilia ukiandika kwenye faili. Kwenye mstari wa kuwashia haivumiliki, kwa hiyo hapo kagua kwa macho.

Hatua ya 6: Uliza keneli imeelewa nini

Kwa Ubuntu na Debian, tembeza `sudo update-grub`, washa upya, kisha:

```
cat /proc/cmdline
cat /sys/devices/system/cpu/isolated
```

Faili la kwanza linarudisha ulichoandika. La pili linakuambia keneli ilichoelewa, na hilo ndilo la kuamini. Siku ya skrini nyeusi lilikuwa na `2` peke yake. Ningelisoma mapema, draiva ningeiacha ipumzike.

Prosesa zilizotengwa hivi hazipewi kazi za programu mpaka uzipe mwenyewe, na keneli haisawazishi mzigo kati yake. Ukiipa programu orodha nzima kwa mkupuo, nyuzi zake (kazi ndogo ndogo zinazokwenda sambamba ndani ya programu) zinaweza kurundikana kwenye prosesa moja huku nyingine zimekaa bure. Orodhesha nyuzi kwa `ps -L -p` na namba ya programu, kisha ipangie kila moja mahali pake. Tuseme uzi wa kurekodi una namba 4312:

```
sudo taskset -cp 2 4312
grep Cpus_allowed_list /proc/4312/status
```

Jibu likiwa `2`, uzi huo umefika. Nenda kwenye unaofuata.