Namna ya Kumpa Mtoto Dawa ya Kuingiza Njia ya Haja Kubwa

Mtoto anayetapika kila anachomeza, au anayeubana mdomo kila akikiona kijiko, hafaidiki na dawa ya maji hata ikiwa ndiyo aliyoandikiwa. Kwa mtoto wa namna hiyo kuna dawa zenye umbo la risasi ndogo, zilizotengenezwa kwa mafuta magumu yanayoyeyuka kwa joto la mwili, ambazo huingizwa kwenye njia ya haja kubwa na kufyonzwa na kuta za utumbo. Inayopatikana zaidi katika maduka yetu ya dawa ni paracetamol ya kushusha homa na kutuliza maumivu, na hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa undani.

Kabla ya kuifungua dawa, jua uzito wa mtoto. Umri peke yake haukutoshi, kwa kuwa watoto wawili wa mwaka mmoja wanaweza kutofautiana kwa kilo kadhaa. Angalia kadi ya kliniki, na kama kipimo cha mwisho ni cha zamani, mpime upya. Kiwango cha paracetamol kwa mtoto ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, na zisizidi dozi 4 ndani ya saa 24. Mtoto wa kilo 10 kwa hiyo anahitaji miligramu 100 hadi 150, na kidonge cha kuingiza cha miligramu 125 kinamfaa. Cha miligramu 250 kingempa karibu mara mbili ya anachostahili, ingawa kwa macho vidonge hivyo viwili hufanana sana. Usikate kikubwa upate kidogo, kwa sababu dawa haijasambaa sawasawa ndani ya mafuta yale. Mwombe mfamasia akupatie kiwango kinachofaa. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye homa asipewe dawa yoyote nyumbani kwa kubahatisha, bali apelekwe hospitali mara moja.

Kosa ninaloliogopa kuliko yote ni la kujumlisha bila kujua. Mama humpa mtoto dawa ya maji saa 12 jioni, bibi anamwona bado ana joto saa 2 usiku na kumwekea kidonge cha kuingiza, kila mmoja akiamini ametoa dawa tofauti. Ni paracetamol ile ile, na ini la mtoto huipokea yote bila kujali imepitia wapi. Tena ile ya kuingiza hufanya kazi polepole zaidi kuliko ya kunywa, na huenda saa moja au zaidi ikapita kabla joto halijaanza kushuka, kwa hiyo subira inahitajika. Andika saa na kiasi kwenye karatasi, uibandike mahali ambapo kila anayemlea mtoto ataiona.

Kwa kuwa mafuta ya dawa huyeyuka, hali ya hewa ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ni adui yake. Fuata joto la kuhifadhia lililoandikwa kwenye boksi, wala usiiache garini au juu ya kabati lililo karibu na jiko. Ikiwa imelainika kidogo, izamishe kwenye maji baridi ikiwa bado ndani ya kifuko chake hadi ikaze. Iliyowahi kuyeyuka kabisa na kupoteza umbo usiitumie, maana dawa yenyewe huweza kuwa imetuama upande mmoja.

Wakati wa kuiweka, mwache mtoto ajisaidie kwanza, kisha nawa mikono kwa sabuni, na hakikisha kucha zako ni fupi. Mtoto mchanga mlaze chali na uinue miguu yake kama unayembadilisha nepi. Aliyekua kidogo alale ubavu wa kushoto, magoti yakiwa yamekunjwa kuelekea tumboni. Toa dawa kwenye kifuko chake, ilowanishe kwa maji safi, kisha tanguliza ncha nyembamba na uisukume taratibu kwa kidole hadi ipite msuli unaobana mlango wa haja, kiasi cha sentimita 2 kwa mtoto mdogo. Ikibaki kwenye msuli huo itarudi nje. Ukihisi ukinzani, acha, msubiri mtoto avute pumzi na kulegea, ujaribu tena. Kamwe usitumie nguvu. Baadaye yabane matako yake pamoja kwa dakika chache, kisha nawa mikono tena.

Mtoto anayeelewa maneno aambiwe mapema kitakachofanyika na sababu yake, afanyiwe faraghani na mtu anayemwamini, asishikwe kwa kukabwa na watu watatu. Huo pia ni wakati mzuri wa kumwambia kwamba sehemu hizo hazishikwi na mtu mwingine, isipokuwa mzazi au mhudumu wa afya anapomtibu.

Dawa ikitoka nzima papo hapo, inaweza kurudishwa. Ikiwa zimepita dakika 15 au zaidi, au imetoka ikiwa imeyeyuka, usirudie, kwa sababu huwezi kujua kiasi kilichokwisha kuingia mwilini. Ngoja wakati wa dozi inayofuata. Mtoto mwenye kuhara, au anayetokwa damu au mwenye kidonda sehemu hiyo, asiwekewe kabla hajaonwa na daktari.

Zipo pia dawa za kuingiza zenye mchanganyiko, na hapo jina la vitamini huwadanganya wengi. Nchini Urusi hutumika Viferon, ambayo ndani yake kuna intaferoni alfa-2b (protini inayousaidia mwili kupambana na virusi) pamoja na vitamini C na E, na ambayo huhifadhiwa kwenye jokofu kwa nyuzijoto 2 hadi 8. Hiyo hutumika huko dhidi ya maambukizi ya virusi. Vitamini zake huisindikiza intaferoni, hazikukusudiwa kuziba upungufu wa lishe. Aliyeletewa na ndugu anayesoma huko asimpe mtoto eti apate nguvu, bali ampelekee daktari boksi zima alisome. Vitamini A, ambayo watoto wetu huihitaji kweli, hutolewa kwa matone ya mdomoni kliniki kila baada ya miezi 6: yuniti 100,000 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, na yuniti 200,000 kuanzia miezi 12 hadi 59.

Vivyo hivyo usiichanganye paracetamol na artesunate ya kuingiza, inayotolewa na wahudumu wa afya vijijini kwa mtoto wa chini ya miaka 6 mwenye dalili za malaria kali. Ile ni huduma ya kwanza ya njiani tu. Utafiti uliofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba pale ambapo rufaa na matibabu kamili hospitalini vilikosekana, dawa hiyo peke yake haikutosha kuokoa maisha. Mtoto akishawekewa, safari ya hospitali ianze hapo hapo, hata kama anaonekana amepata nafuu.

Na paracetamol nayo hushusha joto bila kutibu kilicholileta. Katika maeneo yenye malaria, mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akipata degedege, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea au asipoamka vizuri, ondoka naye usiku huo huo bila kusubiri dawa ifanye kazi. Chukua kifuko cha dawa na ile karatasi yenye saa ulizoandika, umkabidhi muuguzi mlangoni, kwa sababu swali lake la kwanza litakuwa mtoto amepewa nini, kiasi gani, na saa ngapi.